Kurasa Kumi na Moja za Ohio

Kwanza niseme wazi kwamba sikuiba. Watu wakisikia habari yangu nusu nusu hutikisa kichwa kama wako matangani, na mimi sina subira na watu wa kutikisa kichwa. Zile kurasa kumi na moja zilizonitia matatani niliziandika mimi, Yvonne Mwololo, kwa vidole vyangu hivi, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika nyumba moja ya ghorofa huko Kileleshwa. Shida ni kwamba niliziuza.

Kazi yenyewe wasomi wengi wa rika langu wanaijua, hata wale wanaojifanya hawaijui. Nilikuwa nimemaliza digrii ya kwanza ya fasihi, na kila shule niliyopeleka vyeti iliniambia niviache, watanipigia. Aliyenipigia ni Ken Kibe. Alikuwa amekodi nyumba ya vyumba vitatu Kileleshwa, akaijaza meza na kompyuta, na sisi sita tukawa tunawaandikia wanafunzi wa Amerika insha zao. Mwanafunzi anatuma swali, anataja kitabu na tarehe, mmoja wetu anaandika, kisha mwanafunzi anaweka jina lake juu na kumpelekea mwalimu. Ken alikuwa na akaunti za mtandaoni za kupokea kazi, sisi tulikuwa na vichwa. Majirani walidhani tunauza bima.

Niliifanya kazi hiyo miaka tisa. Sitaki kujisafisha hapa. Nilijua ni udanganyifu, ila nilijiambia kwamba mdanganyifu ni yule anayeweka jina. Tena niliipenda. Ni nani mwingine Nairobi aliyekuwa akilipwa kusoma riwaya za Kimarekani za karne ya kumi na tisa kutwa nzima? Wenzangu walikimbilia oda za uuguzi na biashara kwa sababu zile zina majibu, mimi nikaachiwa fasihi yote. Halafu mashine zikaanza kuandika insha zenyewe, kwa dakika moja, na wateja wakatoweka mmoja baada ya mwingine. Ken akafunga nyumba akaenda Limuru kufuga kuku. Mimi nikabaki na kichwa kilichojaa vitabu na sina karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba nilivisoma.

Ndipo nikajiandikisha kusoma shahada ya uzamili, fasihi ya Kiingereza na ya Kimarekani, katika chuo kimoja cha katikati ya jiji, masomo ya jioni na ya Jumamosi. Nataka ijulikane kwamba shahada ile niliitaka kwa uchungu. Miaka tisa nilikuwa nimewapatia watu gredi nzuri, wakavaa majoho, wakapiga picha na wazazi wao kwenye nyasi, na mimi sikuwa na ukurasa mmoja duniani wenye jina langu juu. Nilitaka kitabu kimoja chenye jalada gumu, rangi ya damu ya mzee, na herufi za dhahabu ubavuni zinazosema Mwololo. Hicho tu, basi.

Tasnifu yangu ilihusu mtu anayefungua mlango. Katika riwaya zile mgeni akibisha, kuna mtu anayemfungulia, anayesema, "Kuna bwana anataka kukuona," kisha anatoweka na hatuambiwi alikokwenda kulala. Nilitaka kuwafuata hao watumishi kutoka kitabu hadi kitabu na kuuliza waliona nini. Msimamizi wangu alikuwa Daktari Ajwang, mama mrefu mwenye sauti ya chini na kalamu ya wino wa kijani. Siku ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii mada ni ya mtu ameishi na kitu." Mama yangu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko huko Kileleshwa kwa miaka kumi na tisa, kwa wakili mmoja na mkewe. Shule zikifungwa, shangazi alikuwa akinileta kutoka Machakos, nakaa na mama kwenye chumba cha nyuma, mchana nikimsaidia kumenya viazi jikoni. Lakini chuoni habari hizo sikuzitaja. Chuoni nilikuwa mtu wa maktaba.

Nilipofika sura ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa moyo wa kazi yote, nilichomeka flashi yangu ya zamani nikaanza kupekua. Nikakuta oda ya mwaka 2016. Ilikuwa kubwa, kurasa arubaini, tasnifu ya kumaliza digrii ya kwanza ya msichana mmoja wa Ohio aitwaye Madison Prewitt. Kurasa kumi na moja kati ya hizo zilihusu watumishi. Nikazisoma nimesimama, na kusema kweli nilishangaa. Nilikuwa hodari! Miaka ishirini na mitano tu, na sentensi zinatembea zenyewe. Nikaona ni ujinga kuandika upya jambo nililokwisha kulisema vizuri. Maneno ni yangu, nitakuwa nimemwibia nani? Nikayanakili, nikayapanga mahali pake, nikapika ugali wangu na kulala usingizi mzuri.

Kila tasnifu hupitishwa kwenye programu ya kukagua kama kuna maneno ya watu wengine. Wiki mbili baadaye Daktari Ajwang aliniita ofisini. Alikuwa ameweka kando sahani yake ya chakula cha mchana, haijaguswa.

"Kaa, Yvonne. Hii report imeniharibia lunch."

Akanigeuzia karatasi. Asilimia tisa ya tasnifu yangu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, na karibu nyekundu yote ilikuwa sura ya tatu, na chanzo kilikuwa kimoja. Prewitt, Madison, 2016. Chuo chake kilikuwa kimeiweka tasnifu ile kwenye mtandao, iko wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Mimi nilidhani mambo yale huishia kwenye droo ya mwalimu.

"Unaniambia nini?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwambia huyu mama, ambaye hajawahi kuchelewa somo hata dakika, kwamba nimeishi miaka tisa kwa kuwaandikia watu kazi za kuwadanganya walimu kama yeye. Ya pili ilikuja mdomoni yenyewe.

"Niliisoma zamani, Daktari. Nikaandika notes, halafu nikasahau kuweka alama za kunukuu. Nilidhani ni maneno yangu."

Akaivuta karatasi kwake. "Kurasa kumi na moja?"

"Ndiyo, Daktari."

"Basi mtaje. Punguza, nukuu yale ya lazima, na uweke jina lake kila mahali. Hivyo tu. Lakini Yvonne, wewe si mtu wa kusahau."

Nikaenda nikafanya hivyo. Nilikaa maktaba siku nne nikiweka alama za kunukuu kuzunguka maneno yangu mwenyewe. "Kama anavyosema Prewitt." "Prewitt anatuonyesha kwamba." Mara ishirini na tatu, nilihesabu. Kila nilipoandika jina lile nilikuwa nabonyeza vitufe kwa nguvu mpaka kijana wa meza ya jirani akahamisha vitu vyake. Yale yaliyobaki nikayaandika upya, na hapo nikagundua jambo baya zaidi, kwamba siku hizi naandika kwa woga. Miaka ile ya Ken sikuwa na woga kwa sababu jina halikuwa langu.

Programu ikaridhika. Siku ya kutetea tasnifu ikapangwa, Alhamisi moja ya Novemba, saa nne asubuhi. Nikipita, joho ni Desemba.

Sasa, idara yetu ina desturi yake. Haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaijua: anayetetea ndiye huleta chai ya watahini. Wengine huagiza kwenye hoteli, wengine hununua soda na keki. Nilimwambia mama nitaagiza sambusa mahali. Nusura tugombane.

"Sambusa za kununua? Wakubwa wa chuo watoke nyumbani kwao waje wale mafuta ya juzi kwa sababu ya mtoto wangu? Hapana. Nitaleta mwenyewe."

"Mwaitu, ni ghorofa ya nne na lifti imeharibika." Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu Ukambani.

"Nimepanda ngazi na nguo za watu miaka kumi na tisa," alisema. "Utanionyesha ngazi wewe?"

Tunaishi pamoja Woodley, kwenye vyumba viwili vilivyoongezwa nyuma ya nyumba ya zamani ya kanjo, yaani baraza la jiji. Asubuhi ya siku ile niliamka nikamkuta amekwisha kukaanga, amevaa suti yake ya kanisani ya buluu, na juu ya suti amefunga aproni ili isichafuke. Mimi nilitangulia. Yeye angekuja na teksi ya jirani, pamoja na thamosi mbili na beseni la sambusa.

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu na watu wanne: mwenyekiti wa idara, Daktari Ajwang, mhadhiri mmoja wa Kiingereza ambaye hakusema kitu muda wote, na mtahini wa nje, Profesa Muchiri. Huyu Muchiri nilikuwa nimemsikia. Mzee mpole, miwani kwenye kamba, na wanafunzi wanasema hufelisha watu kwa sauti ya mtu anayekukaribisha ndani. Nilikuwa nikipanga karatasi zangu mlango ulipofunguliwa na mama akaingia, anahema, thamosi mkono huu na beseni mkono ule. Hakuwa amevua aproni.

"Ah, asante mama," akasema mwenyekiti, "weka tu hapo kwa dirisha. Unaweza kutuwekea saa hii, ikiwa moto."

Mama akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa sentensi fupi sana, maneno manne au matano. Lakini niliona vile watu wanne wamekwisha kugeukia karatasi zao, nikaona aproni, nikajiambia kwamba nitawajulisha mwishoni, wakati wa picha. Nikainamisha macho. Mama akageuka, akaanza kupanga vikombe kwa dirisha.

Hilo nalo niliseme bila kulipamba. Nilimwacha mama yangu awe mhudumu. Mimi, mtu wa watumishi wasiotajwa majina, kurasa mia moja na thelathini.

Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza, naueleza hapa kwa Kiswahili chetu. Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilieleza milango yangu, nikaeleza kwa nini nimechagua riwaya sita na si kumi, nikajibu swali la mwenyekiti kuhusu mbinu ya utafiti. Mama alikuwa akizunguka meza polepole akimimina chai ya pili. Kisha Profesa Muchiri akavaa miwani yake.

"Kazi nzuri," alisema. "Imetulia. Lakini nina jambo linanisumbua, na nitalisema kwa upendo. Ukiandika wewe, bibie, unatembea. Unatembea vizuri, huanguki. Lakini kila unapomnukuu huyu Prewitt, kazi inaruka. Nimejiuliza, kwa nini mwanafunzi wa uzamili apitwe na mtoto wa digrii ya kwanza? Umemfuata huyu dada kwa bidii, lakini hujamfikia."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilikuwa nashindanishwa na nani, na mimi ndiye mwenyewe? Nilikuwa nimepitwa na mimi!

"Niruhusuni niwasomee kipande kimoja," aliendelea, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja. "Anasema hivi. Kabla ya kuingia sebuleni na sinia, mtumishi hugonga kijiko kwenye kisahani, mara moja, taratibu. Mwandishi anaitaja sauti hiyo mara nne na wala hasemi ni ya nini. Ni ya kuwapa walio ndani muda: wa kufuta machozi, wa kuachana mikono, wa kumaliza uongo waliokuwa wakiambiana. Nyumba nzima inaegemea adabu ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake la pili."

Akavua miwani. "Nimefundisha riwaya hizi miaka thelathini na moja. Kile kijiko nimekipita kila mwaka. Sasa niambie, msichana wa miaka ishirini na moja, wa Ohio, amelijuaje jambo hili?"

Nilisikia thamosi ikiwekwa chini. Mama alikuwa amesimama nyuma ya Daktari Ajwang, kikombe kimejaa nusu. Watu hudhani mama yangu hajui Kiingereza kwa sababu hakizungumzi. Mtu akae kwa wakili miaka kumi na tisa asijue Kiingereza? Anakijua chote. Alikuwa ananitazama, na uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa ameshangaa kama mtu aliyeona nguo yake imevaliwa na mtu mwingine barabarani. Vijiko vile vilikuwa vyake. Nyumba ile ya Kileleshwa, yule wakili na mkewe waliokuwa wakigombana kwa sauti ya chini, sinia la chai ya saa kumi, na mimi kwenye stuli jikoni na kisu cha viazi nikimwona akisimama kwenye korido kabla ya kuingia.

Ningeweza kujibu. Nilikuwa na jibu tayari, la kisomi, lenye maneno marefu, na lingenipa shahada yangu. Lakini ningelitoa mbele ya mama, na yeye ndiye mtu pekee chumbani aliyejua kwamba si kweli.

"Hakujua," nikasema. "Hajui mpaka leo. Ni mimi niliyeandika."

Mwenyekiti akaacha kutafuna. Nikaanza, na nilipoanza sikuweza kusimama. Nikawaambia habari za Ken na nyumba ya Kileleshwa, habari za akaunti, habari za Madison Prewitt ambaye sijawahi kuiona sura yake. Nikawaambia nimekuwa nikifanya hivyo miaka tisa. Nikamwambia Daktari Ajwang kwamba nilimdanganya ofisini.

"Na huyu anayewamiminia chai ni mama yangu," nikamaliza. "Anaitwa Syokau Mwololo. Vijiko ni vyake. Nilipaswa kusema alipoingia."

Profesa Muchiri ndiye aliyeinuka kwanza. Alisukuma kiti chake nyuma, akamwelekezea mama kwa mikono miwili.

"Mama, tusamehe. Tafadhali keti."

"Nimalize hii chai kwanza, Prof," mama akajibu kwa Kiingereza safi kabisa. "Ikikaa inapoa."

Akamaliza kumimina vikombe vyote vinne. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaketi.

Tuliambiwa tungoje nje. Kwenye korido kulikuwa na benchi ya mbao, tukakaa, mimi na mama, beseni tupu katikati yetu. Nilitaka aniambie kitu, hata matusi, lakini yeye alikuwa anatazama matangazo ya ukutani, moja baada ya jingine, kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Dakika arubaini zilipita. Daktari Ajwang akatoka peke yake na kufunga mlango nyuma yake.

"Sitazunguka," alisema. "Hawajakupitisha, na hawajakufelisha. Sura ya tatu inatoka yote. Hata kama ni wewe uliiandika, imeshatumika kupata digrii ya mtu, na sheria hairuhusu itumike mara ya pili. Utaandika mpya, kutoka sentensi ya kwanza, bila neno moja la ile. Una mwaka mmoja. Halafu kuna barua itaenda kwa kamati kuhusu hiyo kazi yako ya zamani, na hiyo siwezi kuizuia. Wanaweza kukusamehe, wanaweza kukufukuza. Sijui."

"Na Desemba?"

"Desemba imeenda, Yvonne."

Nikaitika kwa kichwa. Yeye hakuondoka.

"Ulinidanganya ukiniangalia kwa macho," akasema. "Hizo essay, sawa, mimi si mtoto, najua watu wanaishi vipi. Lakini hiyo ya ofisini imeniuma."

"Najua, Daktari. Samahani."

"Prof anasema ukimaliza hiyo sura mpya, anaomba aisome yeye." Akamgeukia mama, akampa mkono, akainama kidogo kama watu wa kwao wanavyowasalimu wakubwa. "Mama, sambusa zimeisha zote."

Tulishuka ngazi polepole. Jua lilikuwa kali na jiji lilikuwa na haraka zake za saa sita. Hatukwenda moja kwa moja nyumbani. Mama alisema miguu inamuuma, tukaingia bustani ya Jeevanjee, tukapata benchi chini ya mti karibu na mahubiri ya mchana, umbali wa kutosha kutosikia maneno. Mama akatoa kwenye mkoba sambusa mbili alizokuwa ameziweka kando, maana yeye hajawahi kupeleka chakula mahali bila kujiwekea akiba. Akanipa moja.

"Huyo msichana," alisema, "alipewa ngapi?"

"A. Aliniandikia kushukuru. Mwaka ule walimu wake wakampa na zawadi."

"Zawadi ya nini?"

"Ya tasnifu bora."

Akatafuna, akameza. Nilidhani atacheka, na pembe ya mdomo ilitaka kweli, lakini akaacha.

"Na wewe mambo yangu hayo uliyajulia wapi?"

"Nilikuwa naona, Mwaitu. Likizo, nikiwa jikoni."

"Ulikuwa unaona." Alipangusa vidole kwa leso, kimoja kimoja. "Hukuniuliza hata siku moja."

Nilijaribu kukumbuka siku moja, hata moja tu, ambayo niliketi na huyu mwanamke nikamuuliza kazi ile ilikuwaje. Nilikuwa nimesoma riwaya mia na zaidi nikitafuta mtumishi mmoja anayesema, nikavuka bahari na karne, na usiku narudi Woodley kulala chumba cha jirani na chake. Ya maprofesa ilikuwa aibu ya uso tu. Hii iliingia ndani kabisa, nikashindwa kumaliza ile sambusa.

"Nisamehe," nikasema.

"Mengine uliyoandika si kweli," akaendelea, kana kwamba hakunisikia. "Yule mzee amesoma vizuri, sauti nzuri, lakini mengine si kweli."

"Yapi?"

"Mengi. Wewe ulikuwa mtoto." Akajiegemeza kwenye benchi, akanyoosha miguu mbele, viatu vya kanisani vikiwa na vumbi la bustani. "Si wamekuambia uanze upya? Toa kalamu."

Kalamu nilikuwa nimeiacha kule juu, kwenye meza ya watahini, kwa hiyo niliinuka nikaenda kununua nyingine kwa mchuuzi wa langoni.